Nondo Anayechavusha kwa Makusudi

Nyuki haendi kwenye ua ili alichavushe. Anakwenda kutafuta chakula. Akiingia ndani kufuata nekta, unga wa chavua hunata kwenye manyoya ya mwili wake. Akihamia ua la pili, sehemu ya unga ule hudondokea mahali panapofaa na mmea ukapata mbegu. Nyuki hana habari na mbegu hizo. Vipepeo, nzi, ndege aina ya chozi na popo ni vivyo hivyo: huchavusha kwa bahati, wakiwa katika shughuli zao. Mmea ndio unaofaidi, kwa kuweka chakula mahali ambapo mgeni hakifikii bila kujipaka chavua.

Katika Jangwa la Mojave, kusini magharibi mwa Marekani, yupo nondo anayekwenda kinyume na kanuni hii. Jike lake hukusanya chavua kwa viungo maalumu vya kinywa, huifinyanga ikawa donge, hulibeba donge hilo chini ya kichwa mpaka kwenye ua jingine, kisha huisukuma chavua ndani ya tundu lile lile linaloihitaji. Chavua yenyewe hali. Nekta haifuati. Akishakuwa mzima huishi siku chache tu, na katika siku hizo kutafuta chakula si kazi yake. Sasa anajisumbua kwa nini?

Swali hilo linajibika, ila si kwa haraka. Inabidi tuanzie chini kabisa, kwenye ua lenyewe.

Ndani ya ua zipo stameni, sehemu za kiume zinazotoa chavua. Katikati ipo ovari, na ndani ya ovari zimepangwa ovuli, ambazo ni mbegu zisizotungishwa bado. Juu ya ovari kuna shingo, na mwisho wa shingo ipo stigma, mlango wa kupokelea chavua. Chembe ya chavua ikitua kwenye stigma ya spishi yake, huota mrija mwembamba unaoshuka kupitia shingo hadi kwenye ovuli, na kwa njia ya mrija huo mbegu ya kiume hulifikia yai. Kila ovuli inahitaji chembe yake moja. Ovari yenye ovuli 200 inahitaji angalau chembe 200 zilizofika salama. Zikifika 20 tu, ovuli 180 zitasinyaa. Msomaji aishike hesabu hiyo, kwa kuwa mambo yote yanayofuata yameegemea hapo.

Basi tatizo la kila mmea wenye maua ni usafiri. Mahindi yameukabidhi upepo kazi hiyo. Chavua yake ni kavu na nyepesi, na humwagwa kwa wingi mno, kwa sababu nyingi itapotea na kila mhindi umezungukwa na mihindi mingine hatua moja tu pembeni. Mmea wa jangwani hauna anasa hiyo. Majirani wa spishi yake wako mbalimbali, maji ni ya kuhesabu, na kila gramu ya sukari inayowekwa kwenye chavua ya kupotea ni gramu iliyokosekana kwenye mizizi.

Mmea tunaouzungumzia ni yuka. Ni jenasi yenye spishi 40 hivi, zote za asili ya Amerika ya Kaskazini na ya Kati, na ni jamaa ya mkonge. Mkonge wenyewe ulitoka Mexico, ukaingizwa Tanganyika mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, kwa hiyo anayeyajua mashamba ya Korogwe na Muheza ana mahali pa kuanzia: majani marefu magumu yaliyochongoka kama mapanga, yakichomoza kwa duara kutoka kitovu kimoja. Spishi nyingi za yuka hukaa chini namna hiyo. Katika Mojave ipo iliyogeuka kuwa mti kamili wenye shina na matawi, na inaweza kupita mita 10 kwa urefu. Wenyeji huuita mti wa Yoshua. Jina lake la kisayansi ni Yucca brevifolia. Unakua pole sana, sentimita chache kwa mwaka, katika nchi ambayo sehemu zake nyingi hazipati hata milimita 200 za mvua kwa mwaka mzima. Dar es Salaam hupata zaidi ya 1,000.

Sasa litazame ua la yuka kwa macho ya mdudu mwenye njaa. Ni kubwa, jeupe au jeupe la kijani, lenye petali nene. Nekta ni kidogo mno, hakuna cha kumvuta nyuki mbali. Chavua yake inanata na hutoka kwa mafungu, kwa hiyo upepo hauiwezi. Tena stigma haikukaa wazi ili kila anayepita aiguse: ni tundu lililoingia ndani, na chavua isiposhindiliwa humo haifiki popote. Ukiyafunika maua kwa chandarua ili wadudu wasiyafikie, yatachanua vizuri, yatanyauka, yataanguka. Tunda hupati.

Waliolifumbua fumbo hili ni watu wawili wa jimbo la Missouri. George Engelmann alikuwa daktari wa St. Louis, mzaliwa wa Ujerumani, na mtaalamu wa mimea kwa mapenzi yake. Mwaka 1872 aliwaona nondo weupe wadogo ndani ya maua ya yuka, akamshirikisha Charles Valentine Riley, mtaalamu wa wadudu wa serikali ya jimbo. Riley ndiye yule aliyepata heshima kubwa Ufaransa kwa mchango wake wa kuiokoa mizabibu isiangamizwe na mdudu filoksera, na alikuwa na subira ya kukaa gizani mbele ya ua moja kwa saa nyingi. Aliyoyaona aliyaandika, akamwita nondo huyo Pronuba yuccasella. Siku hizi anaitwa Tegeticula yuccasella. Habari zilimfikia Charles Darwin, ambaye alikwisha kuandika kitabu kizima juu ya uchavushaji wa maua ya okidi, na mwaka 1874 alimwandikia rafiki yake Joseph Hooker kwamba hajawahi kuona kisa cha uchavushaji cha ajabu kuliko hiki.

Twende karibu zaidi tuone kilichomshangaza. Nondo jike ana, kila upande wa kinywa, mnyiri mmoja wenye nywele ngumu, umejikunja chini ya kichwa. Dume hana. Minyiri ya namna hii haijulikani kwa wadudu wengine wowote, ila nondo wa yuka na jamaa zao wa karibu sana. Jike hupanda juu ya stameni, hujishikiza kwenye ncha yake, kisha kwa minyiri ile huikwangua chavua inayonata na kuikusanya chini ya kichwa. Anahamia stameni ya pili, ya tatu, huku akiliongeza donge na kulifinyanga mpaka linakuwa kubwa kuliko kichwa chake mwenyewe. Mzigo ukitosha, anaruka.

Kwenye ua atakalolichagua, hakimbilii kutaga. Huzunguka chini ya ovari akiikagua. Akiridhika hugeuka, akaingiza mrija wake wa kutagia ulio mkali kama sindano, akaacha yai ndani, karibu na ovuli. Katika spishi nyingi mrija huo hutoboa ukuta wa ovari. Nondo wa mti wa Yoshua wao hupenyeza kupitia shingo ya ua, jambo ambalo tutalirudia. Baada ya kutaga hupanda mpaka kwenye stigma, hukwangua chavua kidogo kutoka kwenye donge lake, akaisukuma tunduni kwa minyiri, kwa kwenda mbele na nyuma mara kadhaa. Halafu hushuka, hutaga tena, hupanda tena, hushindilia tena.

Wakulima wa vanila wa Kagera na wa Uganda wanaijua kazi hii kwa vidole vyao. Vanila pia ilitoka Mexico na haikuja na mdudu wake, kwa hiyo kila ua, ambalo hufunguka siku moja tu, lazima lishikwe na mtu: kwa kijiti unaunyanyua utando mdogo unaozuia, unaibonyeza chavua kwenye stigma, unaenda ua linalofuata. Njia hiyo ilibuniwa mwaka 1841 katika kisiwa cha Réunion na Edmond Albius, kijana wa miaka 12 aliyekuwa mtumwa. Mkulima hafanyi hivyo kwa kulihurumia ua. Anafanya kwa sababu miezi kadhaa baadaye kutakuwa na maganda ya kuvuna, na lile alilolipita halitampa kitu.

Nondo naye ana mavuno. Mayai yakianguliwa ndani ya ovari, viwavi hula kitu kimoja tu, nacho ni mbegu changa za yuka. Ua lisilochavushwa halina mbegu. Na zaidi ya hapo, mmea hulikata ua hilo likaanguka katika siku chache, pamoja na mayai yaliyomo. Jike aliyetaga bila kuchavusha amewatupa watoto wake jangwani. Aliyechavusha amewawekea akiba.

Hapa pana mtego wa fikra, na ni vizuri tuukwepe mapema. Nimeandika katika kichwa cha makala kwamba nondo anachavusha kwa makusudi. Maana yake ni kwamba kitendo chenyewe ni cha kuchavusha, kina viungo vyake na mpangilio wake, si ajali ya mtu anayekula. Sisemi kwamba nondo anajua. Hajawahi kumwona mama yake, wala hatamwona mwanawe. Chukua majike wawili wa zamani sana: mmoja huchavusha mara moja moja, mwingine kila anapotaga. Watoto wa huyu wa pili hukuta mbegu mara nyingi zaidi, hivyo wanafika utu uzima wengi zaidi, na wanarithi tabia ya mama yao. Rudia hayo kizazi baada ya kizazi. Wataalamu waliolinganisha vinasaba vya nondo hawa wanakadiria kwamba ushirika wao na yuka una umri wa takriban miaka milioni 40. Katika muda kama huo, tofauti ndogo ya watoto waliosalimika inatosha kabisa kuchonga minyiri kutoka kwenye viungo vya kinywa vya kawaida.

Wala hatulazimiki kuibuni hatua ya kati. Katika familia hiyo hiyo ya nondo, Prodoxidae, kuna jenasi iitwayo Greya. Nondo mmoja wa jenasi hiyo hutaga ndani ya maua ya mimea midogo ya magharibi mwa Marekani, na chavua hunata kwenye tumbo lake anapotaga, ikaingia kwenye stigma bila yeye kufanya lolote la ziada. Hana minyiri, hana donge. Ni mchavushaji wa bahati ambaye tayari anataga mahali pa hatari. Kutoka hapo hadi kwa nondo wa yuka ni safari ndefu, lakini njia inaonekana.

Tumejibu kwa nini anachavusha. Swali gumu zaidi ni hili la pili: kwa nini hawamalizi?

Fikiri. Nondo anataka, kwa maana ile ya hesabu, watoto wengi iwezekanavyo. Mbegu ziko pale, ameshazigharamia yeye mwenyewe kwa kuchavusha. Angetaga mayai kumi badala ya matatu, viwavi wangezila zote, na kizazi kile kingekuwa na nondo wengi zaidi. Hasara ingekuja baadaye, yuka zikikosa watoto. Lakini uteuzi wa asili hauna macho ya kuona baadaye. Anayezaa zaidi leo ndiye anayejaza kesho. Kwa mantiki hiyo ushirika huu ulipaswa uwe umekufa zamani. Na bado ukilipasua tunda la yuka lililokomaa utakuta mbegu nyeusi bapa zimepangwa kwa safu kama sarafu, baadhi zimetobolewa na kiwavi aliyepita katikati yake kwa mstari, na nyingi nzima kabisa.

Jibu lilipatikana mwaka 1994, katika utafiti wa Olle Pellmyr na Chad Huth uliochapishwa kwenye jarida la Nature. Pellmyr, mzaliwa wa Sweden, aliwachunguza nondo hawa kwa sehemu kubwa ya maisha yake mpaka alipofariki mwaka 2017, na sidhani kuna aliyewaelewa kumzidi. Walianza na jambo ambalo kila mkulima wa maembe amelishuhudia: mmea hutoa maua mengi kuliko matunda unayoweza kuyalisha. Yuka nayo huangusha sehemu kubwa ya maua yake, hata yaliyochavushwa. Walichojiuliza ni kama yanaanguka ovyo au kwa kuchaguliwa. Wakayahesabu makovu ya kutagia katika maua yaliyoanguka na yaliyobaki. Maua yenye mayai mengi yalikuwa na nafasi ndogo zaidi ya kubakizwa. Yenye chavua kidogo pia yaliangushwa kuliko yaliyopata ya kutosha.

Hebu tuliangalie hilo kwa makini. Mmea hauoni nondo wala hauwajui walafi. Una sukari na maji ya matunda machache, na unayakata yale yaliyojeruhiwa sana au yasiyo na mbegu za kutosha, kama ambavyo ungeyakata yaliyoharibiwa na baridi. Lakini matokeo yake kwa nondo ni makali: jike aliyetaga kupita kiasi hupoteza watoto wote kwa mkupuo, maana viwavi hufa pamoja na ua. Aliyetaga kwa kiasi na kuchavusha vizuri ndiye anayeacha kizazi. Baada ya kutaga, jike huacha pia harufu kwenye ua. Mwenzake akija na kuinusa, hutaga machache au huondoka akatafute ua lisilo na alama. Sioni haja ya kumsifu kwa adabu. Kutaga juu ya mayai ya mwingine ni kuliongezea ua uwezekano wa kukatwa, na hasara ni ya wote wawili.

Vitabu vya watoto, na hata filamu nyingi za wanyamapori, hulieleza jambo hili kama urafiki: nondo na mti wameafikiana, huyu ampe chavua na yule ampe chakula. Nadhani maelezo hayo yanaupunguzia msomaji ukweli wake mzuri. Hakuna upande unaoutakia mema upande wa pili. Kila mmoja hubeba gharama, kila mmoja angekula zaidi kama angeweza, na kinachouweka ushirika ni kwamba kuvunja masharti kunamgharimu mvunjaji mwenyewe, palepale, katika kizazi hicho hicho. Kwangu hili ni la kustaajabisha kuliko urafiki. Mikuyu yetu na nyigu wadogo wanaozaliana ndani ya matunda yake wamefungwa kwa masharti yanayofanana na haya, bila undugu wowote na yuka wala nondo.

Na masharti yenye tundu hupata wa kulipenya. Mwaka 1999 Pellmyr alitenganisha rasmi spishi kadhaa zilizokuwa zimefichwa chini ya jina moja la Tegeticula yuccasella, na baadhi yake hazichavushi kabisa. Tegeticula intermedia na Tegeticula corruptrix ni watoto wa ukoo wa wachavushaji, lakini majike yao yamepoteza minyiri. Hawatagi kwenye ua. Husubiri mpaka ua limeshakuwa tunda changa, yaani mpaka muda wa mmea kukata umepita, ndipo hutaga. Adhabu haiwafikii. Viwavi wao hukua kwa chavua iliyoletwa na wengine. Hawawezi kuumaliza mfumo mzima kirahisi, kwa sababu pasipo wachavushaji hakuna tunda la kuvamia, lakini wanakula mbegu ambazo mmea ungepanda na ambazo viwavi wa mchavushaji wangelishwa. Nimelitaja kundi hili kwa sababu ndilo ushahidi bora kwamba ile nadharia ya adhabu ni sahihi: waliofanikiwa kudanganya ni wale walioukwepa wakati wa hukumu.

Kiwavi akishiba hutoboa ganda la tunda, hujidondosha ardhini, huchimba, na kujifuma kifukofuko cha hariri kilichochanganyika na mchanga. Humo hulala. Majira ya kuchipua yakikaribia hugeuka pupa, na nondo hutokeza wakati maua yanafunguka. Angalau ndivyo inavyopaswa kuwa. Jangwa halina ratiba. Mti wa Yoshua hauchanui vizuri kila mwaka. Unategemea mvua na baridi ya majira yaliyotangulia, na kuna miaka ambayo bonde zima halitoi ua la maana. Nondo anayetokeza mwaka huo atakufa bila mtoto.

Suluhisho ni kutotoka wote kwa pamoja. Baadhi ya viwavi hutokeza mwaka unaofuata, wengine hubaki wamelala wakisubiri. Muda ambao wanaweza kusubiri ulipimwa kwa subira isiyo ya kawaida na Jerry Powell wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Aliwahifadhi viwavi wa Prodoxus y-inversus, nondo wa familia hiyo hiyo anayekula matunda ya yuka bila kuchavusha, waliokusanywa Nevada. Mwaka 2001 alichapisha matokeo: wapo waliogeuka nondo baada ya miaka 20, wengine 25, na wengine 30. Kiwavi aliyejifunga ndani ya tunda kavu alikaa miaka 30 bila kula, kisha akatoka akiwa na mabawa. Sijui mdudu mwingine wa kumlinganisha naye.

Turudi kwenye shingo ya ua. Nimesema nondo wa mti wa Yoshua hutaga kwa kupenyeza mrija kupitia shingo. Urefu wa shingo basi ni jambo la uzazi kwa pande zote mbili: mrija mfupi hauzifikii ovuli. Upande wa magharibi wa Mojave, ambako ua lina shingo ndefu, anaishi Tegeticula synthetica, mwenye mwili mkubwa zaidi. Upande wa mashariki shingo ni fupi, na nondo wa huko ni mdogo. Pellmyr alimtenga kuwa spishi yake mwaka 2003, akamwita Tegeticula antithetica. Miti yenyewe nayo imetofautiana kwa matawi na majani, na wataalamu wengi sasa wanauhesabu ule wa mashariki kuwa spishi nyingine, Yucca jaegeriana. Pande hizo mbili hukutana Nevada, katika bonde la Tikaboo, ambako miti ya aina zote mbili imesimama pamoja na nondo wa aina zote mbili wanaruka katikati yake. Watafiti wanalipenda bonde hilo kwa sababu ni maabara isiyojengwa na mtu. Mtu anaweza kusimama mahali pamoja akajiuliza kama nondo ndiye aliyeugawa mti, au mti ndio uliomgawa nondo, na akakusanya ushahidi wa kulijibu swali hilo mchana huo huo.

Kufungwa hivi kuna gharama yake, na gharama hiyo inaonekana sasa. Mimea mingi ikipoteza mchavushaji mmoja hupata mwingine. Mti wa Yoshua hauna wa akiba. Mwaka 2018 Juniper Harrower na Gregory Gilbert walichapisha uchunguzi wao wa Hifadhi ya Taifa ya Joshua Tree, California, walikopima miti na nondo kutoka mabondeni hadi milimani. Katika miinuko ya kati walikuta nondo wengi, matunda mengi na miche. Chini, kwenye joto na ukavu, nondo walikuwa wachache na miche ilikuwa haba. Juu kabisa, kwenye baridi, miti ilikuwepo na maua yalikuwepo, lakini nondo hawakuonekana. Miti ilizaliana kwa kuchipuza kutoka mizizini. Jambo hili linaharibu matumaini rahisi. Watu wamezoea kusema kwamba joto likizidi mimea itapanda milimani. Mti huu ukipanda bila nondo wake utasimama kule bila mbegu, na machipukizi ya mizizi hayaendi mbali na mama.

Hata mbegu zikipatikana, kuzisafirisha ni shida. Kinyesi kikavu kilichohifadhika katika pango la Gypsum, Nevada, kinaonyesha kwamba mnyama mkubwa mwenye mwendo wa pole aitwaye Nothrotheriops, aliyetoweka zaidi ya miaka 10,000 iliyopita, aliula mti wa Yoshua. Siku hizi wanaozibeba mbegu ni panya na kindi wa jangwani wanaozifukia kama akiba, na safari zao ni fupi. Moto nao umeongezeka, kwa sababu nyasi za kigeni zimejaza nafasi tupu zilizokuwa zikiutenga mti na mti. Agosti 2020 radi iliwasha moto kwenye Cima Dome, ndani ya hifadhi ya Mojave, na inakadiriwa miti milioni 1.3 ya Yoshua iliangamia. Mwaka 2023 California ilipitisha sheria maalumu ya kuulinda mti wa upande wa magharibi. Ni hatua njema. Kwa maoni yangu, hata hivyo, mpango wowote unaohesabu miti pekee umehesabu nusu ya kiumbe. Mti unaweza kuishi zaidi ya miaka 100 baada ya nondo wake kutoweka, ukaonekana mzima kabisa kwenye orodha.

Yuka zimepandwa pia kwenye bustani zetu, Nairobi, Arusha na kwingineko, zikikuzwa kwa vipande vya shina. Kama unayo nyumbani, ikichanua ihesabu siku mpaka maua yaanguke, na uangalie kama kuna tunda lililobaki; kwa kawaida hakuna, kwa kuwa hakuna aliyemleta nondo. Ukiwa na mimea miwili isiyotoka kwenye shina moja, chukua kijiti chembamba jioni maua yanapofunguka, kwangua chavua ya mmoja, ishindilie kwa nguvu ndani ya tundu la stigma ya mwingine, kisha ufunge uzi kwenye kikonyo cha ua hilo ili usilipoteze. Wakulima wa bustani wa Ulaya wamepata mbegu kwa njia hiyo. Usikate tamaa ua moja likianguka. Chavusha mengi, na ukumbuke kwamba mmea utayabakiza machache tu.